Jembe la Mgeni

Sisi wa visiwani na mwambao tumelelewa na hadithi ya majahazi saba ya Shirazi, ambamo kutoka mbali ni nasaba na ni fahari. Hakuna aliyemdai mwanzilishi wa Kilwa cheti cha kuzaliwa. Natuelekee bara basi, msomaji mpenzi, tuone kama kila afikaye hutungiwa hadithi njema kama hiyo.

Runzewe ni mji mdogo wa Bukombe, katika nchi ya Wasumbwa; hadi mwaka 2012 ulihesabiwa Shinyanga, na sasa u katika Mkoa wa Geita. Huko, katikati ya karne ya 19, walifika Watuta, tawi la Wangoni wa Zwangendaba waliovuka Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini. Walikuja kwa mikuki, wakateka watu na ng'ombe. Stanley aliwaandika kuwa wanyang'anyi. Baada ya Uhuru, vitabu vya shule viliwapa sura nyingine: safari yao ikawa somo la ujenzi wa dola, na mbinu zao za vita zikasifiwa kwa kumfaa Mirambo. Leo wajukuu wao ni wenyeji, na ni haki yao.

Barabara ipitayo Runzewe huelekea Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Kutoka nchi za upande huo walikuja wengine, wakikimbia mauaji: wa Rwanda tangu 1959, wa Burundi 1972. Hawa walishika majembe. Septemba 2013 Operesheni Kimbunga ikazikumba Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu wakaondolewa, wakiwamo waliokwisha kukaa miongo, wakaoa na kuzaa. Jina lao likawa "wahamiaji haramu".

Jina hilo lina wazazi wawili. Wa kwanza ni kitabu cha Speke cha 1863, kilichodai kuwa watawala wa nchi za maziwa ni kizazi kigeni kilichoshuka kutoka Uhabeshi. Wa pili ni mstari wa 1919, Mwingereza na Mbelgiji walipogawana koloni moja la Mjerumani. Kabla ya mstari huo, mtu wa Rwanda na mtu wa Bukombe walihesabiwa chini ya bendera moja.

Lakini lililoandikwa huandikika upya. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa wimbi la 1972.

Wahenga walituusia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema kwamba siku ya elfu kumi umnyang'anye.