Majira Ndani ya Vyombo vya Chai vya Wajapani

Chanoyu, ibada ya chai ya Wajapani, hufuata moto kabla ya kufuata maua. Kuanzia Mei hadi Oktoba maji huchemshiwa kwenye furo, seredani inayotengwa juu ya mkeka, mbali na wageni. Ikifika Oktoba husogezwa katikati ya mkeka, kwa kuwa baridi imeanza kubisha hodi. Novemba huondolewa kabisa, na mkaa huwashwa katika ro, shimo la mraba la sentimita 42 hivi lililo sakafuni, ambalo hutumika hadi Aprili. Kwa watu wa chai huo ndio mwaka mpya. Mtungi wenye majani yaliyochumwa Mei hukatwa kwa kisu karatasi iliyoziba mdomo wake, na chai mpya husagwa.

Moto ukihama, vyombo huufuata. Kijaluba cha udi wakati wa seredani ni cha mbao, na ndani mna vipande vya msandali; wakati wa ro ni cha kauri, na udi wake ni wa kukandwa. Bakuli la kiangazi ni pana, lisilo na kina, ili chai ipoe upesi. La baridi kali ni refu na jembamba. Hushika joto na kupasha viganja vya anayelipakata. Kwa vyombo hivi majira hujulikana kwa kugusa tu, bila kuchora hata theluji.

Sen no Rikyū (1522–1591), bingwa wa chai aliyeheshimiwa kuliko wote, alitaka kiangazi mgeni ahisi ubaridi na wakati wa baridi ahisi joto. Mabakuli aliyopenda, kazi ya Chōjirō wa Kyoto, ni meusi au mekundu, hayana ua wala jani. Picha zilishamiri baadaye. Katikati ya karne ya 17 Nonomura Ninsei, mwenye tanuri karibu na hekalu la Ninnaji mjini humo humo, alipaka rangi nyingi juu ya kauri iliyokwisha kuchomwa. Mtungi wake wa chai wenye vishada vya maua ya fuji sasa ni hazina ya taifa, katika jumba la makumbusho la MOA, Atami. Kwa ufundi wa namna hiyo bakuli likaweza kutaja mwezi wake: sakura za machipuko, nyasi za susuki chini ya mwezi wa Septemba, majani mekundu ya momiji.

Hapo ndipo adabu ilipokuwa ngumu. Bakuli la sakura hutolewa maua yakiwa bado matumba, kwani mti ukishachanua nje, mchoro hauna la kuongeza. Tena jambo halisemwi mara mbili: ua likiwa ndani ya chombo ukutani, lisirudiwe kwenye bakuli. Kijiko cha mwanzi, kisicho na mchoro wowote, hupewa jina, kama umande au theluji ya kwanza, na mgeni huliuliza.

Tarehe 1 Januari 1873 Japani iliacha kalenda ya mwezi na jua, na sikukuu zikaachana na maua yake. Tanabata, sikukuu ya nyota iliyoashiria mwanzo wa mapukutiko, ikahamia 7 Julai, mara nyingi mvua zikiwa hazijakatika. Chombo chake hata hivyo kimebaki. Ni jani bichi la kaji, jamii ya mforsadi, ambalo zamani liliandikwa mashairi ya siku hiyo. Matumizi yake kama kifuniko cha mtungi wa maji hunasibishwa na Gengensai (1810–1877), mkuu wa 11 wa shule ya chai ya Urasenke. Mwandalizi hulifunua, hulikunja, hulitoboa kwa kikonyo chake, kisha hulitia katika bakuli la maji machafu.