Sekunde 0.6: Siri ya magemu ya kale

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zimenizidi. Juzi mpwa wangu alinikuta kwenye kompyuta akaniuliza: "Mjomba, gemu lina picha mbovu hivi, na bado walicheza?" Gemu lenyewe ni Old School RuneScape. Jibu langu linaanzia Mji wa Kale, Mombasa.

Mwaka 2005 nilikuwa mteja wa kila Jumamosi wa saiba moja ndogo, kwenye kichochoro kinachoteremka kuelekea bandari ya majahazi. Shilingi moja kwa dakika. Kenya wakati huo haikuwa na waya wa intaneti wa chini ya bahari; mawasiliano yetu na ng'ambo yalipitia setilaiti. Hebu tupige hesabu. Setilaiti ya aina ile hukaa kiasi cha kilomita 36,000 juu. Ujumbe wako hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka: kilomita 144,000. Mwanga wenyewe huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo nusu sekunde imeshapotea kabla hujahesabu foleni ya saiba nzima. Gemu la risasi halichezeki hivyo. Ukimwona adui, umeshakufa zamani.

RuneScape ilichezeka. Andrew Gower na nduguze waliizindua Januari 2001, ikifanya kazi ndani ya kivinjari kwa Java, bila kusakinisha chochote. Katika toleo tulilocheza sisi, lililotoka 2004, seva ilikusanya maagizo ya wachezaji wote na kuyatekeleza kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 0.6. Aliye London na mimi wa Mji wa Kale sote tulingoja pigo. Yeye alikuwa mbele yangu, ndiyo, lakini kwa pigo moja au mawili tu.

Ukoo huu wa magemu una historia ndefu. MUD, babu yao, iliandikwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex na Roy Trubshaw na Richard Bartle, maandishi matupu bila picha. Ultima Online ilikuja 1997, EverQuest 1999, enzi za modemu za simu. Laini zilikuwa pole pole, basi na magemu yakawa pole pole. Katika EverQuest mchawi aliketi chini kungoja nguvu zimrudie. Ukiwa umeketi utafanya nini? Utazungumza na aliye kando yako.

Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa jambo hili. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakangoja kusi ndipo yarudi Arabuni na Bara Hindi. Katika ile miezi ya kungoja watu waliuziana, walioana, na waliazimana maneno. Baraza za mawe mbele ya nyumba zetu ni kazi ya watu walioheshimu kungoja.

Sasa nikupe kisa changu. Siku moja nilikuwa pangoni Karamja napigana na pepo, nimevaa deraya ya rune niliyoihangaikia miezi mitano. Laini ikakatika. Kwa kanuni za wakati ule ukifa ulibaki na vitu vitatu, vingine vikaanguka chini, na baada ya muda yeyote aliweza kuviokota. Nilitembea hadi nyumbani kama mtu aliyetoka mazikoni. Jumamosi iliyofuata nikaingia, nikapokea ujumbe wa mchezaji nisiyemjua hata nchi yake, ila tulizoea kuvua samaki pamoja. Alikuwa amengoja pale pangoni, akaviokota vyote, akanirudishia. Hakunidai hata sarafu moja.

Mwisho wa 2007 na mwanzoni mwa 2008, Jagex, kampuni yenye gemu, ilibana biashara huru ili kuwazuia waliouza sarafu za gemu kwa fedha halisi. Kubadilishana kusiko sawa kukawekewa kikomo kidogo. Mwizi alizuiwa. Lakini na yule rafiki yangu naye angezuiwa: seva isingeweza kumtofautisha na mwizi. Wachezaji wengi wakahama. Biashara huru ilirudishwa Februari 2011, na mwaka 2013, baada ya kura karibu 450,000, gemu la kale lilifufuliwa kutoka nakala ya Agosti 2007.

Sitaki kudanganya kwamba kila cha kale kilikuwa kizuri. Kukata mti uleule saa tatu ni kuchosha tu, na dakika zilikuwa za kulipia. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa nilishangilia kama wengine.

Lakini mimi naandika programu za malipo, na wiki iliyopita nilikuwa naandika kanuni ya kuzuia kila muamala usio wa kawaida. Mistari kumi na miwili, safi kabisa. Kisha nikamkumbuka yule mvuvi wa Karamja. Kuna muamala usio wa kawaida ambao ni mtu anamfanyia mwenziwe wema. Nikaifuta, nikaanza upya: muamala usubiri kidogo, wahusika waulizwe, ndipo upite.

Mpwa wangu sasa ana akaunti yake. Jana nimemkuta anavua samaki, anapiga soga na mtu.

Haya, tuonane wiki ijayo inshallah.