Kamera tumeinunua, kumbukumbu tumeiacha

Juma hili nakuomba tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoenea mfukoni: kamera ya mkanda, ile ambayo ukiiwasha lenzi yake hutoka nje kama shingo ya kobe.

Mimi ni mkusanyaji wa kamera hizo. Historia yake si ndefu. Mwaka 1986 kampuni ya Pentax ya Japani ilitoa Zoom 70, kamera ndogo ya kwanza duniani yenye lenzi ya kuvuta. Ulibonyeza kitufe, na aliye mbali akaja karibu. Baadaye zikaja za wenye nazo: Contax TVS ya mwaka 1993, yenye mwili wa titani na lenzi ya Carl Zeiss, na Leica Minilux Zoom ya mwaka 1998. Kamera za dijitali zilipoteka soko, Kyocera, waliokuwa wakitengeneza Contax, waliacha biashara hiyo mwaka 2005. Leo vijana wa Ulaya, Marekani na Japani wanazisaka upya, na bei imepanda.

Sasa turudi nyumbani. Miaka hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ya rashi ya dhahabu kutoka Kahama hadi Geita. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na ule mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Katikati hapo, maelfu ya vijana walimiminika na sururu zao kuchimba maduara. Tangu mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, redio, saa na kamera zilianza kuonekana tena madukani. Aliyebahatika kupata dhahabu alitaka apigwe picha.

Je, tumcheke? Hapana. Kijana machimboni hakuwa na anwani, na wenzake walimjua kwa jina la utani tu. Picha moja aliyoituma kwao ndiyo iliyokuwa barua yake kwa mama. Duara likiporomoka, picha hiyo ndiyo iliyobaki.

Tena picha ni shahidi. Wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, mabishano juu ya yaliyotokea mashimoni yalidumu kwa miaka, na picha zikawa sehemu ya mabishano hayo.

Nina kisa changu, na lawama ni yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Kahama, nikaambiwa yupo mzee mmoja aliyewahi kupiga picha machimboni. Nikamkuta, tukapatana bei ya kamera yake, Pentax ya kuvuta, iliyochubuka pembeni lakini nzima. Nilipokuwa nikihesabu noti, mzee akatoa kopo la maziwa ya unga lililojaa negativu.

"Mwanangu, na hizi hutachukua?" akaniuliza. "Hizi ndizo watu wenyewe."

Nikamjibu, "Mzee wangu, basi linaondoka. Nitazifuata siku nyingine."

Siku nyingine ilikuja baada ya mwaka na nusu. Mzee alikuwa amekwisha fariki. Wanawe walifanya usafi wa nyumba, na kopo wakalitaka kwa kuwekea chumvi. Negativu zilichomwa pamoja na takataka. Majuto ni mjukuu.

Kamera ninayo kabatini, na hutengeneza mlio wake mtamu kila niiwashapo. Lakini kamera kama hiyo naweza kuipata hata Tokyo. Vijana waliokuwa ndani ya lile kopo nitawapata wapi?

Pale Bujora, karibu na Mwanza, Wasukuma wana makumbusho yanayotunza ngoma za watemi wao. Wachimbaji wetu hawakuwa watemi, lakini nao wamejenga miji tunayojivunia leo. Basi, wewe unayenisikiliza, ukiwa na baba au mjomba aliyepiga picha zamani, mwendee juma hili. Mwulize huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani. Andika majibu kwenye karatasi, uifunge pamoja na negativu, uziweke mahali pakavu, mbali na mchwa na jua. Na wewe mkusanyaji mwenzangu, kabla hujauliza bei ya kamera, uliza kwanza kopo liko wapi.