Rovu la Bibi Zetu na Chumvi ya Dukani

Wana Njombe wenzetu, utotoni tuliwakuta bibi zetu na rovu shingoni wala hatukushangaa. Wengine walisema ni la ukoo, wengine walinong'ona uchawi. Kumbe ni udongo: mvua za milimani zimeosha madini joto kwa karne nyingi, na mazao tunayolima huko hayana ya kutosha. Tezi ya shingoni ikiyakosa hushindwa kutengeneza homoni zake, nayo huvimba ikijitahidi. Uvimbe ndio ulioonekana. Hasara kubwa zaidi ilikuwa kwa mtoto aliye tumboni, maana ubongo wake hudumaa kabla hajazaliwa, na hasara hiyo hairudishwi.

Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Miaka ya 1990 zikaja kanuni za kuwabana wazalishaji wa chumvi. Sisi wahasibu tunaujua uwekezaji mzuri tukiuona: gharama kidogo, faida ya kizazi kizima.

Rovu la miaka mingi haliishi kwa chumvi pekee. Aliyepungukiwa homoni hupewa vidonge vya levothairoksini, kimoja kila siku kabla ya kula, na damu hupimwa mara kwa mara.

Lakini chumvi isiyo na madini joto bado inauzwa magengeni. Sehemu ya mchango wa mwaka huu itanunua vipimo vya matone kwa shule zetu: chumvi nzuri hugeuka zambarau.