Zamu Mbili, Darasa Moja

Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, ni miongoni mwa mitaa ambayo wakazi wake walitawanywa na vita vilivyoanza mwaka 1993. Waliporudi, shule nazo zilianza kujaa. Na mwezi Agosti 2005, Rais Pierre Nkurunziza alipoapishwa na kutangaza kufutwa kwa ada ya shule ya msingi, watoto walifurika.

Kugawa siku katika zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine alasiri, kulikuwako Burundi tangu mwaka 1982. Lakini zamu hukata saa. Mwalimu asiye na utaratibu wa kuingiza watoto, kuwaketisha na kugawa vitabu humaliza sehemu ya kipindi kabla hajafundisha neno. Ndiyo maana kuitikia kwa pamoja kulikita mizizi: mwalimu hutamka, darasa zima hujibu.

Wapo wanaoibeza desturi hiyo. Sisi hatuibezi yote. Katika somo la Kiswahili, mtoto wa nyumba ya Kirundi hupata ujasiri wa kutamka akiwa ndani ya sauti za wenzake. Ila sauti ya wengi humficha asiyeelewa, na hilo tulilitambua kwa kuchelewa.

Tulibadili jambo moja tu. Baada ya wote kuitikia, safu moja ilijibu, kisha mtoto mmoja wa safu hiyo; na kila safu iliijua siku yake. Hakuna aliyeona kwamba ameonewa. Siku ya safu ya nyuma ndipo tulipogundua kwamba mtoto mmoja, tuliyemdhani hodari, alikuwa akichezesha midomo tu muhula mzima.