ILUNGU LA WAFIPA NA ORODHA YA DARASANI

Kila aliyewahi kusoma sanaa za ufundi, hata kwa muhula mmoja, anaikumbuka ile orodha: mstari, umbo, rangi, nafasi, mguso wa uso, halafu zinafuata kanuni, yaani mizani, uwiano, mrudio, mkazo na umoja. Sisi wa fasihi tunayo yetu, fani na maudhui, na tumeizoea kiasi kwamba hatuulizi tena ilizaliwa wapi. Makala haya yanakusudia kuichukua orodha ya wenzetu na kuipandisha hadi uwanda wa Ufipa, tuone itafanya nini mbele ya kitu ambacho vitabu vingi vimekiweka chini ya kichwa "teknolojia ya jadi" na kuishia hapo. Kitu chenyewe ni ilungu, lile tanuri refu la kuyeyushia chuma.

Kwanza historia ya orodha, maana wapo wenzetu wanaoikataa kwa neno moja tu: eti ni ya Wazungu. Mambo si mepesi hivyo. Mwaka 1899 mwalimu wa Kimarekani, Arthur Wesley Dow, alitoa kitabu chake Composition. Alitaja vipengele vitatu: mstari, rangi, na mpangilio wa giza na mwanga. Hiki cha mwisho alikiita kwa neno la Kijapani, notan, kwa kuwa alijifunza mengi kutoka kwenye picha za Wajapani. Baadaye shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, ikayafanya mazoezi ya vipengele kuwa somo la kuanzia, na Kandinsky aliyefundisha hapo akachapisha mwaka 1926 kitabu kizima juu ya nukta, mstari na bapa. Kwa hiyo orodha hii ni chotara tangu utotoni. Kuuliza nani aliizaa hakutufikishi mbali. Tuulize inaona nini na inapitwa na nini.

Huku kwetu, Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere miaka ya 1930, alisitasita kuwapa wanafunzi kanuni za Ulaya. Alipenda kuwasimulia kisa na kuwaacha wachore walichokiona kichwani. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, ambaye naye alifundisha hapo hapo baadaye. Nia ya mama yule ilikuwa njema, sina ugomvi nayo. Ila kumficha mwanafunzi kanuni si sawa na kumpa uhuru, maana kanuni zinaingia hata hivyo, kwa mlango wa nyuma.

Sasa twende Ufipa. Mtu akitoka Sumbawanga kuelekea vijijini anakuta uwanda ulio wazi, wenye majani mengi na miti michache. Hata kabla hatujafika kwenye tanuri, kanuni ya mrudio iko shambani: kilimo cha jadi cha Wafipa ni cha matuta ya duara, intumba, ambayo mkulima huyatengeneza kwa kufunika majani kwa udongo ili yaoze na kuwa mbolea. Shamba zima linakuwa safu ya vilima vidogo vinavyofanana. Hakuna aliyelima vile ili apendeze macho, na bado mwalimu wa uchoraji angelipigia mstari.

Ilungu ni la udongo wa kichuguu, na mara nyingi lilijengwa karibu na kichuguu chenyewe. Lina urefu wa takriban mita 3, karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Chini ni pana, juu linapungua, na mdomo wake uko wazi. Kwenye tako kuna matundu yaliyozunguka mwili wote, moja likiwa kubwa kama mlango, na humo yalipachikwa mabomba ya udongo ya kupitishia hewa. Hebu tupitishe orodha. Mstari: upo, unapanda na kujibana. Umbo: pia. Mrudio: matundu yanafuatana kuzunguka tako. Mizani: pande zote zinalingana. Tumemaliza? Hapana bwana, ndipo kazi inapoanza.

Ilungu halina mivuo. Moto ukiwaka, hewa ya moto inapanda na kutoka kwa juu, na hewa mpya inavutwa kwa nguvu kupitia matundu ya chini. Kimo kile ndicho mvuo. Ukilifupisha tanuri, umelinyima pumzi. Basi tunaposema "uwiano" wa ilungu ni mzuri, tunasema uwiano wa nini na nini? Wa upana na urefu machoni petu, au wa upepo na moto? Orodha ya darasani inajibu la kwanza na kulinyamazia la pili. Katika fasihi tungemcheka mhakiki anayehesabu mizani ya shairi bila kuuliza linaimbwa vipi.

Yupo atakayesema: kumbe ni chombo cha kazi tu, tuwaachie wahandisi. Naye pia anakosea. Walioandika juu ya ufuaji wa Wafipa wanaeleza kuwa tanuri jipya lilipambwa na kutendewa kama bibi harusi, na kwamba wayeyushaji walitakiwa kujitenga na wake zao kazi ilipokuwa inaendelea. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, intangala. Pambo, basi, lilikuwepo, na lilikuwa na maana ambayo kila aliyekuwepo aliisoma. Kutoka humo jiwe la chuma lilipelekwa kwenye tanuri dogo, ichintengwe, ambalo hilo lilikuwa na mivuo, likasafishwa ndipo likafuliwa kuwa jembe.

Mtaalamu Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1967 makala juu ya kichwa na kiuno katika fikra za Wafipa: juu ni akili na mamlaka, chini ni nguvu na uzazi. Aliuhusisha utawala wa kale wa Milansi na kichwa, na ukoo wa Twa, uliokuja baadaye na kutwaa nchi, na kiuno. Sitaki kudai kwamba ilungu ni mchoro wa nadharia hiyo. Wahakiki wa aina hiyo tunao wa kutosha. Lakini kwa watu waliofikiri hivyo juu ya juu na chini, mstari wima haukuwa mstari tu.

Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, ameonyesha pia kwamba malungu hayakuwa njia pekee: karibu na Ziwa Tanganyika kulikuwa na matanuri mafupi ya aina iitwayo katukutu. Maana yake fundi wa eneo hili hakuwa na umbo moja alilorithi kama kipofu.

Kazi yenyewe ilikoma katika karne ya 20, majembe ya dukani yalipojaa. Baadhi ya malungu bado yamesimama, mengine ni vifusi. Tunayoyaona leo ni kama hadithi iliyoandikwa karatasini bila fanani wala hadhira: pambo la harusi limekwisha, moto haupo, nyimbo hazipo. Mpiga picha anapiga udongo mtupu, kisha sisi tunaandika "umbo sahili, lisilo na mapambo". Mvua nayo inaendelea na kazi yake, na kwenye mashamba ya jirani jembe hugonga vipande vya mabomba na mavi ya chuma, ambavyo mkulima huvitupa pembeni ili apate nafasi ya kupanda.