Mota Iliyopitia Motoni

Baba mdogo ana mashine ya kusaga Mdandu, wilayani Wanging'ombe. Zamani iliendeshwa na injini ya dizeli, na ulikuwa ukiisikia ikikohoa kabla hujaiona. Umeme ulipofika aliiuza injini, akanunua mota ya kilowati 7.5. Miaka michache baadaye mota ikaungua. Ilipelekwa mjini kwa fundi, ikasukwa upya, ikarudi. Ilisaga kama kawaida, ila uniti za Luku zilianza kuisha upesi, na ukiweka kiganja juu ya mota hufiki kumi katika kuhesabu.

"Mota ina homa, mwanangu," aliniambia.

Historia ya homa hiyo ni ndefu kuliko umri wa mashine. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme katika waya. Mwaka 1855 Mfaransa Léon Foucault akaonyesha upande wa pili wa jambo hilo: hata kipande kizima cha metali kikipita kwenye sumaku huzalisha mikondo ndani yake, inayozunguka bila kazi na kugeuka joto. Chuma kilichomo ndani ya mota kina tabia hiyohiyo. Kikiwa gogo moja, kinakula umeme chenyewe.

Dawa ilikuwa kukigawa. Zénobe Gramme, mwaka 1871, alitengeneza dainamo yenye kiini cha nyaya za chuma. Muongo uliofuata, dainamo za Edison zilikuwa na mabati membamba yaliyopangwa pamoja, karatasi katikati. Mota ya umeme wa njia tatu ya Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, ya mwaka 1889, ndiyo bibi wa mota nyingi za kusaga za leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Robert Hadfield wa Sheffield aliongeza silikoni kwenye chuma, na upotevu ukapungua zaidi. Leo bati moja lina unene wa kama nusu milimita, limepakwa utando wa kulitenga na jirani yake. Ukipunguza unene kwa nusu, upotevu wa mikondo ile hushuka hadi robo.

Lakini bati lazima likatwe, na kisu hakikati bila kuumiza. Mashine ya kugonga hukata haraka na kwa bei nafuu, ila huubana ukingo mpaka chembe za chuma zinapinda, na sumaku hupita pale kwa shida. Kisu kikiwa butu huacha vimeno vinavyotoboa utando na kuunganisha bati na bati. Leza haigusi chuma, lakini joto lake nalo huacha mkazo ukingoni. Kukata kwa waya wenye cheche za umeme huumiza kidogo, ila ni kazi ya polepole na ya gharama. Kwa hiyo viwanda vingine hugonga kwanza, kisha huyapasha mabati katika tanuri kwenye nyuzi 750 hivi, bila hewa ya kuyababua. Chuma hutulia na sehemu kubwa ya nguvu yake hurudi.

Moto huohuo, ukiwashwa pasipo kipimo, unaua. Ili kutoa koili zilizoungua, mafundi wengi hukata vichwa vyake kwa patasi, kisha huchoma kiini kwa kuni au mafuta mpaka vanishi iishe. Hakuna kipimajoto. Utando unaungua pamoja na vanishi. Tupa ikipita kusafisha matundu, inaacha vimeno vilevile ambavyo kiwanda kilivikimbia. Utafiti wa vyama viwili vya mafundi mota, EASA na AEMT, uliotolewa mwaka 2003, ulionyesha kwamba mota iliyosukwa upya inaweza kubaki na ufanisi wake, mradi joto la kuchomea lidhibitiwe. Kiwango kinachoshauriwa ni kama nyuzi 370.

Tufanye hesabu. Mota ya kilowati 7.5 yenye ufanisi wa asilimia 88 huvuta kilowati 8.5. Ukishuka hadi 86, huvuta 8.7. Kwa saa sita za kusaga, hiyo ni zaidi ya uniti moja kila siku, na inalipwa na mama aliyesimama kwenye foleni na ndoo ya mahindi.

Tumezoea kuhesabu maendeleo kwa nguzo. Sheria ya mwaka 2005 ilizaa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika. Ni kazi kubwa. Lakini umeme uliosafiri hivyo unaweza kupotelea katika chuma kilichochomwa nyuma ya karakana.

Safari hii mota ilipoungua tena, baba mdogo hakuanza na bei. Alimsalimu fundi mpya, akakaa kwenye benchi, akauliza, "Koili za zamani unazitoaje?"